Tulipomchagua Mtoto wa Nyumbani



Kijana mmoja wa kwaya aliniuliza swali baada ya ibada, tukiwa tumesimama kivulini pale nje tukingoja mvua ipungue. Yeye alizaliwa baada ya mwaka 2005. Uchaguzi anaoukumbuka ni ule wa tarehe 29 Oktoba 2025, ambao watu waliuawa, intaneti ikazimwa nchi nzima, na wenyeji wa Dar es Salaam wakaamriwa wasitoke nje usiku. Hata idadi ya waliokufa ilibishaniwa. Basi akaniuliza, kwa adabu, lakini nikaona haamini: “Mwalimu, ni kweli kwamba zamani watu wa huku kwetu walikwenda kupiga kura huku wakiimba?”

Nikamjibu ni kweli. Nikataka kuendelea, nikajikuta sina la kuendelea nalo. Maana kumweleza kwamba tuliimba ni rahisi. Kumweleza tuliimba kwa sababu gani, hilo ni jambo jingine, na nimelichukua nyumbani, nikalala nalo siku nyingi. Leo naliandika hapa kwa sababu sehemu ya jibu lake yanihusu mimi mwenyewe, na si sehemu nzuri.

Wale mliokuwako mnakumbuka. Mwaka ule wa 2005 uchaguzi wa Rais ulikuwa ufanyike tarehe 30 Oktoba. Siku chache kabla, mgombea mwenza wa CHADEMA, Jumbe Rajabu Jumbe, akafariki dunia, na kwa sheria ikabidi kuahirisha. Tukangoja mpaka Jumatano tarehe 14 Desemba. Wagombea walikuwa kumi, na mmoja wao mwanamke, Anna Senkoro. Lakini hapa kwetu Ubena, na Mdaula, na Chalinze mpaka Lugoba, nani alikuwa na hesabu ya kumi? Tulikuwa na mmoja. Jakaya Mrisho Kikwete ni mzaliwa wa Msoga. Alisoma Lugoba. Tangu mwaka 1995 alikuwa mbunge wetu wa Chalinze. Wapo wazee waliokuwa wakimtaja kwa jina la utotoni, na wapo waliojifanya kulijua.

Vuli ilikuwa imetukosa mwaka ule. Mahindi yalikuwa yamesimama urefu wa goti, yamekunja majani. Hata hivyo alfajiri ile nilipofika shuleni kwenye kituo, mstari ulikuwa umekwisha kuzunguka mwembe mara mbili. Akina mama walikuja na watoto mgongoni na ndoo zao, ili wakitoka hapo wapitilize kisimani. Wafugaji walisimama na fimbo zao pamoja na wakulima waliokuwa wakishitakiana nao mwezi uliotangulia kwa ajili ya mashamba kuliwa na ng’ombe. Na ndiyo, waliimba. Msimamizi aliwakataza, wakanyamaza, kisha wakaanza tena kwa kuvuma midomo imefungwa, naye akacheka, akaacha.

Matokeo yalipotangazwa, Kikwete alipata kura 9,123,952, yaani asilimia 80 na zaidi kidogo. Akaapishwa tarehe 21 Desemba. Kauli yake ilikuwa “Ari mpya, nguvu mpya, kasi mpya,” na ile nyingine iliyoandikwa hata kwenye khanga, “Maisha bora kwa kila Mtanzania.”

Nataka tusimame kidogo hapo penye maisha bora, maana kila mmoja wetu aliyasikia maneno yale kwa masikio yake mwenyewe. Yule mama aliyekuwa akiuza mkaa barabarani kwa madereva wa malori alisikia kwamba hatafukuzana tena na maafisa wa misitu. Wafugaji walisikia malisho. Wakulima walisikia kwamba wafugaji watahamishwa. Vijana walisikia kazi. Jirani yangu fundi seremala, ambaye ni Mwislamu na mtu wa maneno machache, alisema amesikia neno “kila”, na kwamba neno hilo linamtia shaka, kwa kuwa kitu cha kila mtu huwa hakina wa kukidai. Nilimwona mzee mkorofi. Wote waliokuwa wakiimba katika mstari mmoja hawakuwa wakiutumainia wimbo mmoja. Katika furaha ile hatukuliona, wala sidhani mtu yeyote angeweza kutuonyesha.

Nami, je, nilisikia nini? Nilisikia jina la kijana wangu wa pili.

Alikuwa amemaliza chuo cha ufundi Morogoro, yuko nyumbani mwaka wa pili. Februari ya mwaka 2006 niliandika barua kwenda ofisi moja kubwa ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, kwa kuwa ofisi ile haikunikosea neno. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Nikaeleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu, mzee wa kanisa, mkaaji wa Ubena Zomozi, wilaya ya Bagamoyo (Chalinze ilikuwa bado haijawa na halmashauri yake), na kwamba kijiji chetu si mbali na Msoga. Hilo la Msoga nililipigia mstari. Kisha nikafanya jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu. Siku zile nilikuwa katibu, na mhuri wa kanisa nilikuwa nautunza mimi. Nikaugonga chini ya jina langu.

Barua haikujibiwa. Nikaandika ya pili, nayo pia. Nikamtuma mtu aliyesema ana ndugu yake anayefahamiana na mtu wa ndani, nikampa nauli na fedha ya chakula, akarudi akasema tungoje. Tulingoja miaka miwili. Katika miaka hiyo mambo mengi yalitokea nchini. Mwaka 2006 mabwawa ya umeme yalikauka, tukawa na mgao. Shule za sekondari za kata zilijengwa, tukachanga tofali na nguvukazi, na watoto wakaingia madarasani wengi sana pasipo walimu wa kutosha. Tarehe 7 Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sababu ya mkataba wa umeme wa Richmond. Yote hayo niliyasikiliza redioni kama mtu asikilizaye habari za nchi nyingine. Habari yangu mimi ilikuwa moja tu: barua.

Ikaja Jumapili tarehe 31 Oktoba 2010. Uchaguzi ulifanyika siku ile ile ya ibada. Nilikuwa zamu yangu kuongoza sala za watu. Nikamwombea Rais, nikaiombea nchi, nikawaombea wote walio na mamlaka, nikataja na uchaguzi wa siku ile, watu wakaitikia. Kisha nikavua kanzu, nikatoka. Njia yangu ya kwenda nyumbani hupita mbele ya shule. Nikauona mstari, mfupi, haukufika hata mwembeni. Kadi ya kupigia kura ilikuwa mfukoni mwa shati. Nikapita.

Jirani yangu alikuwa barazani kwake, kidole kina wino. Akanisalimu, akakitazama kidole changu, akauliza kama nimekosa jina. Nikasema jina lipo. Nikamwambia yule bwana nilimpa kura yangu mwaka 2005, nami sikuona kitu. Akafikiri, akapuliza vumbi la mbao mkononi mwake, akasema: “Mwalimu, ulimpigia kura au ulimkopesha?”

Nilikasirika. Tukakaa karibu mwezi mzima tukisalimiana kwa mbali.

Hesabu ya mwaka ule, baadaye niliisoma gazetini, ilinionyesha kwamba sikuwa peke yangu. Mwaka 2005 walikuwa wamejiandikisha watu milioni 16 na ushei, nao waliopiga walikuwa 11,875,927. Mwaka 2010 waliojiandikisha wamezidi milioni 20, lakini waliopiga ni 8,626,283. Wapiga kura milioni tatu na zaidi walipungua wakati nchi inaongezeka watu. Kikwete alishinda tena kwa kura 5,276,827. Wataalamu walitoa sababu zao, za daftari na vituo na mengineyo. Sibishani nao. Mimi naijua sababu ya kura moja tu, nayo ni yangu.

Sasa mtu atasema, na ana haki ya kusema: kuna ubaya gani kumtegemea mtoto wa nyumbani? Sisi wa Pwani tumelelewa hivyo. Mcheza kwao hutunzwa. Mtu akipata kazi mjini, akajenga, akasahau nyumba ya mama yake inayovuja, tunamwita nani? Tunamsema msibani. Wakwere wana watani wao, na Wazaramo na Waluguru wana wao, na mtani wako ana haki ya kukudai hata ulicho nacho mkononi. Udugu wetu haukujengwa kwa kupimiana sawasawa. Mwenye nacho humpa aliye karibu, naye wa karibu humpa wa karibu yake. Kama udugu huu ni dhambi basi hakuna mtu mwema toka Kaole mpaka Mbwewe.

Nimelitafakari hoja hili sana kwa sababu nilikuwa nikijitetea kwalo. Naona kosa lake ni moja. Mali ambayo ndugu yangu wa mjini humpa mama yake ni yake mwenyewe. Akimjengea paa, amejinyima yeye. Lakini kazi niliyoiombea kijana wangu haikuwa ya yule wa Msoga kuitoa. Ilikuwa ya mtu mwingine ambaye sikupata kumwona, labda kijana wa Kibondo au wa Newala, mwenye cheti kama cha mwanangu, ambaye baba yake hakuwa na kijiji cha kupigia mstari. Nilitaka ukarimu, ila wa kugawa chakula kilichomo katika sahani ya mtoto wa watu.

Tena fanyeni hesabu hii, nilikuwa nikiwapa wanafunzi wa darasa la nne za namna hii. Nchi yetu ina wilaya zaidi ya mia moja. Rais mmoja akikaa vipindi vyake viwili ni miaka kumi. Kama haki ya watu wa wilaya ni kungoja mtoto wao atawale, basi watahitajika miaka zaidi ya elfu moja ili wote wafikiwe. Butiama ilipata zamu, Lupaso ya Masasi ikapata, Msoga ikapata, Chato na Kizimkazi zikafuata. Wengine watuambie watangoja katika kivuli gani.

Sisemi kwamba hatukupata kitu. Barabara ya Bagamoyo hadi Msata, kilometa 64, ilijengwa kwa lami katika miaka yake, na anayepita leo hawezi kujua tulivyokuwa tukisukuma magari matopeni. Wako waliosema ni upendeleo. Mimi nasema barabara haiulizi mtu kwao wapi: dereva wa Tanga huipita kwenda Dar es Salaam bila kupitia Chalinze. Lakini ninapoitetea hivyo, sauti yangu mwenyewe hunishuku, maana sikuwahi kuitetea barabara ya wilaya nyingine. Na ile bandari ya Mbegani, ambayo mkataba wake na Wachina ulitiwa sahihi mwaka 2013 na kuifanya pwani yote izungumze juu ya bei za viwanja, ilitufundisha kitu kingine. Miaka ikapita pasipo meli hata moja. Naona watu walichoka zaidi kwa kungoja kuliko ambavyo wangechoka kwa kukosa.

Mtakumbuka habari za Samweli na wazee wa Israeli waliomwendea kutaka mfalme. Huwa tunaihubiri kana kwamba wale wazee walikuwa wajinga tu. Lakini walikuwa na sababu: wana wa Samweli walikuwa wakila rushwa na kupotosha hukumu, nao watu walichoka. Walikuwa na tumaini la haki. Samweli akawaonya kwamba mfalme atawachukua vijana wao awaweke kwenye magari yake na jikoni kwake. Kila nikiisoma sura ile nacheka, ingawa si kwa furaha. Wale walionywa kwamba mfalme atawachukua watoto wao. Mimi niliandika barua mbili nikimwomba amchukue wangu, na nikagonga na mhuri.

Lugha yetu ina neno ambalo limenisumbua. Mtu asiyetumaini tena husema, “Nimekata tamaa.” Tazameni neno lenyewe. Tamaa ni nini? Tukimwambia mtoto ana tamaa, twamgombeza. Mwenye tamaa ni yule aonaye nyama ya mwenzake ni kubwa. Lakini tukikosa matumaini, kinachokatika, kwa maneno yetu wenyewe, ni tamaa hiyo hiyo. Wahenga waliotupa usemi huu labda hawakukusudia fumbo. Lakini mwaka 2010 nilipopita pale shuleni nilijiambia nimekata tamaa na viongozi, na nilijiona mtu mwenye uchungu wa haki, karibu nabii. Nikijichunguza leo, naona neno lilikuwa sahihi kuliko nilivyojua. Ilikuwa tamaa, nayo ilikatwa. Tumaini nilikuwa bado sijalianza.

Kwa maana tumaini la kweli, nadhani, lazima liweze kumweka na mtu nisiyemjua. Yule mama mwenye ndoo aliyesimama mbele yangu mwaka 2005 alitumaini maji. Maji yakija, hata mimi niliye nyuma yake nitakunywa. Tumaini lake halikumnyima mtu. La kwangu lilihitaji mtu mwingine akose ili lipate kutimia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoweza kuieleza, na sina nyingine ya kisomi zaidi. Wala simaanishi kwamba mama yule alikuwa mtakatifu. Siku nyingine nimemwona akiruka foleni kisimani, na maneno aliyotoa hayaandikiki katika gazeti la kanisa.

Na sasa nirudi kwa kijana wa kwaya, kwa sababu ipo hatari ninayoiona. Yeye hakuomba kazi kwa mtu. Hakupiga mstari jina la kijiji. Aliona mwaka 2025 yale tuliyoyaona, naye akanyamaza. Mzee kama mimi akimwambia kwamba aliyokata ni tamaa tu, nitakuwa nimemdhulumu, kwa kuwa walio wengi waliolia mwaka ule hawakuwa wakidai barua zao zijibiwe. Walikuwa wakidai kuhesabiwa. Kuna kukata tamaa kwa mtu aliyekosa upendeleo, na kuna kukata tamaa kwa mtu aliyekosa haki, na kwa mbali watu hao wawili hufanana: wote hupita mbele ya shule wasiingie. Ndiyo maana sikuweza kumpa jibu pale kivulini. Nilikuwa na jibu la mtu wa kwanza, naye aliniuliza kama mtu wa pili.

Mwaka 2015 nilikwenda kupiga kura, na jirani yangu alikuwa mbele yangu katika mstari. Hakusema neno, ila alinisogezea nafasi kivulini. Nani nilimpa kura si habari ya gazeti hili. Mhuri nilikwisha kuukabidhi kwa katibu mwingine miaka kadhaa kabla, na nilimwambia sababu. Alinisikiliza, akaufungia kabatini, na funguo akampa mwenzake.

Kijana wangu ana karakana yake Chalinze, karibu na njia panda ya Segera. Huchomelea vitanda, milango ya geti, na matela ya malori yanayovunjika njiani. Kazi haimwishii. Alipokuja likizo ya Pasaka tulikuwa tukitafuta hati ya kiwanja ndani ya sanduku la bati, na katika makaratasi akaiona nakala ya ile barua ya kwanza, mimi niliisahau kabisa kwamba ipo. Akaketi kitandani, akaisoma yote polepole, mwanzo mpaka mhuri. Mimi nilijifanya bado natafuta hati.

Kisha akauliza, wala hakuwa na hasira: “Baba, umeandika Msoga, umeandika kanisa, umeandika ualimu wako. Mbona hukuandika kwamba najua kuchomelea?”